Nauza mashua, nataka kidau kilichotumika kabla sijastaafu. Nilichokiona kinavuja, muuzaji anasema ni ukavu tu

#1 Mkongwe wa Kilindoni
Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 58, mtumishi wa umma, imebaki miwili. Mzaliwa wa Mafia, kazi iko Dar. Nyumbani kuna mashua ya futi 38 niliyonunua na marehemu kaka yangu, ilikuwa ikibeba nazi, saruji na mabati kati ya Nyamisati na Kilindoni. Tangu kivuko cha MV Kilindoni kianze kazi mizigo imepungua, ila mabaharia wanataka posho, chombo kitembee kisitembee. Na foromali (mti unaobeba tanga) ya mashua ile si ya mtu wa umri wangu. Nimeamua kuiuza ninunue chombo kidogo kilichotumika, nikiendeshe mwenyewe na mjukuu mmoja. Kuvua kidogo, kwenda Chole au Jibondo kusalimia watu, basi. Sitaki biashara.

Nimepata dau Mlingotini, Bagamoyo. Futi 20, umri miaka tisa kwa maneno ya muuzaji, mbao za chini mvule, juu mchanganyiko. Liko mchangani tangu kabla ya Ramadhani. Tulilisukuma majini Jumamosi likaingiza maji mpaka kijana akawa anafua maji bila kupumzika, tukalirudisha. Muuzaji anasema mbao zimekauka, zikilowa zitavimba lizibe lenyewe. Anataka milioni nne na nusu.

Je, ni kweli ni ukavu tu? Na kwa umri huu nichukue dau, ngalawa au cha faiba?

#2 Hesabu Kali
Shikamoo mzee. Kabla ya mbao tuanze na kikokotoo cha mafao ya kustaafu. Kile cha Julai 2022 kilitupa mkupuo wa asilimia 33. Bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40 kwa tuliokuwa tunapata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25. Maana yake usipige hesabu ya mafao kwa kuangalia aliyestaafu 2015 akajenga na kununua daladala.

Ushauri wangu: nunua sasa, ukarabati ukatwe kwenye mshahara wa hii miaka miwili. Mkupuo usiuguse kwa chombo cha kujifurahisha. Mbao haina mwisho wa kula hela.

#3 Mchokozi
Bibi anasemaje kuhusu hili? Tusijadili dau la watu halafu kesho uzi ufungwe na mwenye nyumba.

#4 Mkongwe wa Kilindoni
#3 Bibi ndiye aliyesema niuze mashua. La kidau bado hajaambiwa.

#2 Marahaba, nimekuelewa.

#5 Fundi Tezo
Shikamoo mzee wangu. Kazi yangu ni hii hii, niko Nungwi.

Muuzaji hakudanganya, ila hajasema yote. Chombo kikikaa mchangani miezi, jua linakausha mbao, maungio yanaachana na pamba ya kalafati, inayoziba maungio, inalegea. Kikirudi majini kinakunywa kwanza, halafu mbao zinavimba na kubanana. Ndiyo maana chombo kilichokauka hatukisukumi moja kwa moja. Tunatandaza magunia ndani, tunayamwagia maji ya bahari asubuhi na jioni, au tunakifunga mahali maji yakijaa yanakilowesha na yakipwa kinakaa.

Lakini mbao ikivimba inaziba maungio tu. Haizibi tundu la msumari ulioliwa na kutu, wala haiungi taruma (ubavu wa ndani unaoshika mbao) lililokatika. Kwa hiyo mwache muuzaji alilaze majini yeye mwenyewe, afue yeye, wewe uwe unapita kuangalia. Maji yakipungua siku hadi siku, ni ukavu. Yakifika mahali yakagoma kupungua, kuna jambo jingine.

Swali: maji yanaingilia wapi? Kando ya mkuku (mti wa chini kabisa), kwenye hanamu (mbele) au ubavuni?

#6 Mkongwe wa Kilindoni
Kando ya mkuku, zaidi upande wa tezi, yaani nyuma. Na kidogo ubavu wa kushoto, karibu na mlingoti.

#7 Sheikh wa Mkunazini
Yakhe, kando ya mkuku upande wa tezi? Hapo mimi siulizi, hiyo ni misumari. Siku hizi wengi wanatumia misumari ya dukani isiyopakwa zinki, kwa kuwa yenye zinki ni ghali. Msumari mtupu ukikaa na chumvi unakonda kiunoni, kichwa kinabaki kizima kinakutazama, ndani hakuna kitu. Ubao unauzunguka mweusi, ukichokoa kwa kisu unatoka unga.

Angalia kama kuna michirizi ya kutu inayoteremka kwenye ubao. Halafu mwambie muuzaji ang'oe msumari mmoja tu, karibu na fashini, ule mti uliosimama nyuma. Akikataa, jibu umelipata.

#8 Fundi Tezo
#7 Sikatai, ila hakuna muuzaji anayekubali ung'oe msumari kwenye chombo chake kabla hujalipa. Hata mimi nisingekubali. Na mvule wa miaka tisa si wa kuutilia shaka hivyo, nimefungua vyombo vya zaidi ya hapo misumari mizima.

#9 Sheikh wa Mkunazini
#8 Ulivifungua wewe uliyevipigilia. Hili dau unajua nani kalipigilia?

#10 Mtoto wa Mkanda
Salaam kutoka Lamu. Nyote mwasema maungio na misumari, hamna aliyeuliza kama hilo dau lilikuwa likichomwa.

Chombo cha mbao kikikaa kwenye maji ya chumvi bila kupandishwa, wadudu wa mbao huingia. Tundu la kuingilia dogo sana, kama la sindano, nje waona ubao mzima. Ndani wametoboa njia ndefu, na kwenye kuta za njia hizo waacha kitu cheupe kama chokaa. Wazee wetu maji ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu) yakipwa hukilaza chombo, wakakikwangua, wakakichoma chini kwa makuti makavu, moto wa kupita tu, wakamaliza kwa deheni, mafuta ya kupaka chombo. Wadudu hufa, magamba hutoka. Sasa vijana wengi wapaka rangi ya mafuta wakaona yatosha.

Dau likipandishwa mchangani wadudu hufa wenyewe kwa ukavu. Njia walizochimba hazifi. Ndiyo sababu likirudi majini lanywa. Ubao wavimba lakini bomba la ndani liko pale pale.

Gonga kwa mpini wa kisu kuanzia mkuku kwenda juu. Ubao mzima walia kavu, ulioliwa walia mzito kama umegonga boga.

#11 Mwanaziwa
Niko Ukerewe. Huku kwetu hao wadudu hawapo, maji baridi hawayawezi. Lakini nikwambie kitu mzee: mbao huku zinaoza haraka kuliko kwenu, na kinachooza ni juu, si chini. Adui ni maji ya mvua. Chumvi inahifadhi mbao, mvua inaiozesha. Sasa dau lako limekaa mchangani tangu kabla ya Ramadhani, maana yake masika yote limelala wazi. Nani alikuwa anatoa maji ya mvua ngamani, chini ndani ya chombo? Kama hakuna, yalikusanyika palipo chini kabisa, na hapo ni tezini kando ya mkuku.

Mimi nasema kuoza. Chokoa miguu ya mataruma pale yanapokaa juu ya mkuku.

#12 Mchokozi
Kwa hiyo mpaka sasa dau lina ukavu, kutu, wadudu na kuoza. Muuzaji akipita humu atalia.

#13 PwaniKwetu
#11 Lakini ngoja. Kama limejaa maji ya mvua masika yote, mbao zimekaukaje? Haviwezi kuwa vyote viwili.

#14 Mwanaziwa
#13 Vinaweza. Nje na ubavuni jua linakausha, chini ndani maji yamesimama. Ubao mmoja una hali mbili.

#15 Fundi Tezo
#14 Kwa mtu wa maji baridi umesema vizuri. Ila mafundi wetu huacha tundu la kuzibua pale chini, chombo kikipanda linafunguliwa. Mzee angalia kama lipo na kama lilikuwa wazi.

#16 Bint Chole
Mjomba shikamoo. Acheni kwanza hilo dau, mtu ameuliza pia kuhusu ngalawa.

Baba yangu aliacha dau akiwa na sitini na ushee, akachukua ngalawa. Sababu zake: tanga dogo, haihitaji farumi (uzito wa kutuliza chombo), matengo ya pembeni yanakushika pande zote mbili, na watu wawili wanaiburuta mchangani bila kuita mtaa mzima. Gogo moja la mwembe, hakuna maungio ya kuachana. Likipata ufa unauona kwa macho, unaweka kibandiko na lami, unarudi baharini.

Ubaya wake ni magoti. Ngalawa unaipanda ukiwa umelowa hadi kiunoni, ndani ni nyembamba, huwezi kunyoosha miguu wala kulala. Mawimbi ya kusi (upepo wa kusini) yanakupiga usoni njia nzima. Matengo yakipiga mwamba yanatoka. Na haidumu sana, na miembe minene ya kuchonga imekuwa adimu, kwa hiyo ngalawa iliyotumika ukiiona inauzwa jiulize mwenyewe anakwenda kuchonga kwa mti gani.

Magoti ya mjomba yakoje?

#17 Mkongwe wa Kilindoni
Marahaba mwanangu. Goti la kulia lina maneno yake, hasa nikiwa nimekaa ofisini. Kilichonivuta kwenye dau ni kwamba nakaa vizuri, na tukichelewa maji tunaweza kulala humo.

#18 PwaniKwetu
#16 kagusa jambo kubwa kupita. Dau la futi 20 watu wawili hawalipandishi, hata ukiweka magogo ya kuviringishia. Kwa hiyo utaliacha kwenye nanga. Ukiliacha kwenye nanga, wadudu wa #10 wanakaribishwa. Ukisema upandishe kila bamvua, unahitaji vijana sita na chai yao. Wewe unakimbia posho za mabaharia, utazikuta ufukweni.

#19 Mtoto wa Mkanda
#18 Kweli tupu.

#20 Baridi ya Hull
Wakuu habari. Niko Uingereza miaka mingi, asili Tanga. Huku mashua ndogo za faiba zilizotumika zinakaribia kugawiwa bure. Si kwamba ni mbovu. Wenyewe wamezeeka, na kodi ya kuegesha kwa mwaka inapita thamani ya chombo. Kuna aina inaitwa Wayfarer, ilibuniwa 1957, karibu futi 16, mlingoti unashushwa, mtu mmoja anaimudu. Inaingia kwenye kontena la futi 20 na nafasi inabaki. Faiba haivujishi maungio kwa kuwa hayapo, haina wadudu, haikauki.

Mzee ukiamua niambie.

#21 Kilifi Mzigoni
#20 Ndugu, hapo umeruka ushuru. Huku Kilifi tunaziona hizo za faiba, za wazungu wanaozunguka dunia, wengine wanachoka wanauza hapa hapa. Bei nzuri sana, halafu unakuta chombo kiliingia nchini kwa muda na ushuru haujalipwa. Ukinunua, huo mzigo ni wako. Uliza karatasi za forodha kabla hujauliza bei.

Na faiba si kwamba haina maradhi. Ikizeeka inatoa malengelenge chini kwa maji kupenya kwenye rangi ya juu, na sakafu ikiwa na ubao katikati ya faiba, ubao ule huoza usiuone. Ukikanyaga, ikilegea chini ya mguu, ondoka.

#22 Bint Chole
#20 Kaka, Wayfarer ikipata tundu Kilindoni nani anaziba? Fundi wa mbao tunaye kila kijiji. Wa faiba labda umkopeshe kutoka kwenye hoteli.

#23 Baridi ya Hull
#22 Faiba si uchawi dada, ni kitambaa na gundi. Video zipo.

#24 Nahodha Mstaafu
Nimewasoma wote. Mnazungumza mbao, hakuna aliyezungumza tanga, na tanga ndilo litakaloamua kama mzee ataendelea kwenda baharini akiwa na miaka 65.

Tanga letu halibishi kama la Wayfarer. Kule unasukuma usukani, tanga linajipeleka upande wa pili. Sisi tukitaka kubadili upande tunageuza chombo kwa kufuata upepo, tunaisimamisha foromali, tunaipitisha mbele ya mlingoti, na demani, kamba ya kuongozea tanga, inazungushwa kwenda upande mwingine. Kwenye mashua ya futi 38 ni kazi ya watu wanne wenye nguvu na nahodha mwenye sauti. Kwenye dau la futi 20 watu wawili wanatosha, lakini wawe wawili kweli. Mjukuu ana umri gani? Anasoma wapi? Shule zikifunguliwa utakwenda na nani?

La pili: hakikisha kuna matanga mawili. Hatupunguzi tanga kwa kulikunja kama wazungu, tunatua kubwa tunatweka dogo. Madau mengi yanayouzwa yana tanga moja tu, kubwa, la kaskazi (upepo wa kaskazini), tena la viroba vilivyoshonwa, jua limeshalila. Kusi ukatoka na hilo, na umri huo, ni kujitafutia. Tanga dogo jipya ulihesabu kwenye bei.

La tatu, umepima uzito wa foromali? Inyanyue peke yako upande mmoja. Ukiona unakunja uso, muulize fundi akuchongee nyepesi zaidi, hata kama tanga litapungua.

Hayo mengine ya misumari waachie mafundi.

#25 Mkongwe wa Kilindoni
#24 Ahsante nahodha. Mjukuu yuko kidato cha kwanza. Sikuulizwa hilo na mtu yeyote mpaka leo.

#26 Mchokozi
Mjukuu naye hajaambiwa, kama bibi.

#27 Hesabu Kali
Naongezea kwenye #24. Andika pembeni: dau, pamba ya kalafati na mafuta yake, mbao za kubadilisha, misumari yenye zinki, tanga dogo, kamba mpya zote (za zamani usiziamini), nanga, maboya ya kujiokolea, fundi na chakula cha fundi. Halafu ongeza robo. Kama jumla inazidi dau jipya la Jibondo, mazungumzo yameisha.

#28 Mvuvi wa Kunduchi
Halafu usisahau karatasi. Nenda SUMATRA kakague kama lina namba na leseni, na uandikiane mbele ya mwenyekiti wa kijiji cha muuzaji. Kama limekuwa la uvuvi, BMU ya pale (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni) wanalijua, uliza kama halina kesi ya nyavu.

#29 Kilifi Mzigoni
SUMATRA ipo bado huko kwenu? Huku sisi ni KMA, mamlaka ya vyombo vya majini, wanakuja kukagua maboya ya kujiokolea mpaka kwa wenye vyombo vidogo.

#30 PwaniKwetu
#28 SUMATRA haipo mkuu. Mamlaka ya usafiri wa majini ni TASAC, ilianza kazi 2018. Ya barabarani ikawa LATRA mwaka uliofuata. Akinunua chombo cha Unguja ni ZMA, mamlaka nyingine kabisa.

#31 Mvuvi wa Kunduchi
Jina limebadilika, foleni ile ile.

#32 Sheikh wa Mkunazini
Narudi kwenye misumari, mniwie radhi. Wazee hawakuwa na tabu hii. Mtepe, chombo chetu cha kale, ulishonwa kwa kamba ya nazi, hakuna chuma hata kimoja. Kamba ikichoka unashona upya, ubao unabaki mzima. Kulikuwa na mtepe wa mfano pale Beit al Ajaib, Unguja, wameuunda 2003, nilipeleka watoto kuuona kabla jengo halijaanguka 2019.

#33 Muscat Jioni
Sheikh, sehemu ya jengo ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi. Nakumbuka kwa kuwa simu za huku zilikuwa haziishi.

Na kushona bado kunawezekana. Hapa Oman jahazi Sohar lilishonwa Sur kwa kamba ya nazi, bila msumari, likaondoka Novemba 1980 na Tim Severin hadi Canton, China, likafika katikati ya 1981. Sasa limesimama kwenye mzunguko wa barabara karibu na Al Bustan, kila siku napita.

#34 Mchokozi
Mzee ameuliza kidau cha kwenda Chole, mmempeleka China.

#35 Mtoto wa Mkanda
#33 Na sisi Lamu tuna Flipflopi, jahazi la plastiki na ndala zilizookotwa, lilizinduliwa 2018, mwaka 2019 likenda hadi Unguja. Halili mdudu hilo. Mzee tukuchongee la ndala?

#36 Bint Chole
Mjomba akipita na dau la ndala Kilindoni hatamaliza kujibu maswali.

#37 Mkongwe wa Kilindoni
Wakuu, mrejesho.

Muuzaji alikubali kulilaza majini kwenye kamba, akawa anafua mwanawe. Nimekwenda mwisho wa wiki mbili mfululizo. Ya kwanza maji yalikuwa yamepungua karibu nusu, ubavu wa kushoto umekauka kabisa. Ya pili, yako vilevile kama ya kwanza. Kando ya mkuku tezini bado panatoka.

Maji yalipopwa nikapata nafasi ya kugonga. Ubao wa kwanza kutoka mkuku unalia mzito sehemu moja, kama urefu wa mkono. Kuna duara jeusi kuzunguka misumari mitatu. Tundu la kuzibua lipo, limepigiliwa kijiti na kupakwa rangi juu, ni wazi halijafunguliwa siku nyingi. Msumari amekataa nisiguse. Kisu ameruhusu, kikaingia kidogo kwenye mguu wa taruma la mwisho, si sana. Tundu la sindano sikuona, ila macho yangu nayo.

Nikamwambia milioni tatu. Yeye tatu na laki nne, na anatoa tanga la pili ambalo sijaliona.

#38 Fundi Tezo
Ubavu umekauka, nilisema.

#39 Sheikh wa Mkunazini
Duara jeusi. Mimi nimemaliza.

#40 Mwanaziwa
Kijiti kimepakwa rangi! Maji ya mvua masika yote, mguu wa taruma laini. Naomba soda yangu.

#41 Mtoto wa Mkanda
Ubao walia mzito na tundu halionekani kwa macho ya mtu wa 58. Niliwaambia tundu ni dogo.

#42 Fundi Tezo
Mzee, tuseme wote wamepatia. Kazi ni ile ile: kutoa ubao wa kwanza kutoka mkuku upande wa tezi, pande zote mbili, kwa kuwa wa kulia haujagongwa vizuri. Ukishatolewa ndani kutaonekana. Kama taruma ni moja, linafungwa jingine kando yake, la zamani linaachwa. Kama ni matatu na mkuku nao umeguswa, hapo unanunua kuni. Tatizo ni kwamba utajua baada ya kulipa. Ndiyo maana bei ya chombo kilichotumika iko hivyo.

Pia kabla hujalipa vuta uzi kutoka omo (mbele) hadi tezi chini ya mkuku likiwa mchangani. Kama mkuku umepinda katikati kwenda juu, usinunue hata kwa milioni moja.

#43 Nahodha Mstaafu
Mimi ningetoa mbili na nusu, na tanga nilione limetwekwa, si limekunjwa. Mtu anayeficha tanga ana sababu.

#44 PwaniKwetu
Mimi ningesubiri. Mzee ana miaka miwili. Wanaostaafu pwani hii ni wengi, madau yatakuja.

#45 Hesabu Kali
#44 Na mashua yake je? Kila mwezi inakula. Uza ile kwanza. Mwenye vyombo viwili vya mbao hana mshahara.

#46 Mkongwe wa Kilindoni
Nimevuta uzi, mkuku umenyooka. Tumekubaliana mbili na laki tisa, tanga nimeliona limetwekwa, lina viraka lakini ni dogo kama alivyotaka nahodha. Nimetoa nusu. Tumeandikiana kijijini, karatasi za TASAC nafuatilia.

Sasa ni Juni, kusi linavuma. Nalifikishaje Mafia?

#47 Nahodha Mstaafu
Usithubutu. Kutoka Bagamoyo kwenda kusini na upepo wa kusi usoni, dau linavuja, watu wawili? Liache Mlingotini hadi kaskazi lianze Desemba, literemke na upepo nyuma.

#48 Fundi Tezo
#47 Miezi sita kwa muuzaji ambaye hajamaliziwa hela? Apandishe mchangani, lianze kukauka tena. Au fundi aje afanye kazi pale pale.

#49 Mvuvi wa Kunduchi
Tunapita kusi kila siku kwa mashine. Funga Yamaha 15 nyuma, toka alfajiri upepo ukiwa mdogo, lala Kunduchi, lala Kisiju, unafika.

#50 Sheikh wa Mkunazini
#49 Mashine ya 15 kwenye tezi ambayo misumari yake imeoza. Utafika Kisiju na mashine, dau litakufuata baadaye.

#51 Dereva wa Mbagala
Wazee, mbona mnateseka. Nina Fuso, bodi yake inazidi futi 20. Bagamoyo hadi Nyamisati ni barabara. Pale unalishusha maji yakijaa, unavuka Kilindoni siku ya shwari.

#52 Mchokozi
Dau juu ya Fuso linapita Mbagala saa kumi jioni. Naomba picha.

#53 Mkongwe wa Kilindoni
#51 Kijana, wazo zuri. Kupakia je? Hapo ufukweni hakuna winchi.

#54 Dereva wa Mbagala
Shikamoo mzee. Tunarudisha Fuso kinyumenyume mpaka kwenye mchanga mgumu, mbao mbili, magogo, vijana kumi. Nimeshapakia boti namna hiyo. Mlingoti ng'oa, ulale kati. Foromali ina urefu gani?

#55 Mkongwe wa Kilindoni
Karibu sawa na dau lenyewe, inazidi kidogo.

#56 Dereva wa Mbagala
Itatokeza nyuma, tutafunga kitambaa chekundu. Nitumie namba pembeni tuongee bei, na uniambie siku ambayo maji yanajaa asubuhi, sitaki kufika Nyamisati usiku.

#57 Bint Chole
Maji ya asubuhi angalia baada ya bamvua, si siku yenyewe. Na mjomba, bibi ameshaambiwa? Nauliza kwa sababu mimi na yeye tunaonana Ijumaa.